Moyo wa Mtu Wakati wa Maradhi ya Dunia Nzima

Kila mwanafunzi wa shule hii aweza kueleza namna ya kujikinga na maradhi ya Korona: kunawa mikono kwa sabuni, kuvaa barakoa, kukaa mbali kidogo na mwenzako, na kuchanjwa. Tuliambiwa hayo redioni kutwa kucha mpaka tukayajua kama tunavyojua hesabu za kuzidisha. Lakini ukimwuliza mwanafunzi huyo huyo namna ya kuulinda moyo wake wakati mji umefungwa na kila jioni zatangazwa habari za wafu, atanyamaza. Hilo hatukufundishwa. Nami naona kuwa ni somo la maana sana, kwa sababu maradhi yale yaliwagusa mwilini watu wachache kati yetu, lakini moyoni yalitugusa sote.

Katika makala haya nataka kueleza mambo matatu: kwanza, hofu humfanya nini mtu, pili, kwa nini maradhi ya dunia nzima huulemea moyo kuliko taabu nyingine, na tatu, watu walitumia njia gani kujitegemeza, zipi zilifaa na zipi zilidhuru. Mifano yangu mingi nimeitoa hapa Kampala. Wala msomaji asidhani kwamba haya ni mambo yaliyokwisha pita. Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hatari ile kuu ya Korona imekwisha. Lakini tarehe 30 Januari, 2025, ilitangazwa hapa hapa Kampala kwamba muuguzi wa hospitali ya Mulago amekufa kwa Ebola, na siku ile ile niliona watu katika teksi wakikataa kupeana mikono. Maradhi makuu hayaagani na watu moja kwa moja. Yafaa tujifunze wakati tukiwa na nafasi.

YALIYOTUKUTA

Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba Korona sasa ni maradhi ya dunia nzima. Juma lililofuata Rais Museveni aliamuru shule zote zifungwe, na adhuhuri ya tarehe 20 Machi wanafunzi walikuwa njiani na masanduku yao. Inasemekana kwamba wanafunzi kama milioni 15 walirudi makwao. Mara ikatangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza amepatikana Entebbe, msafiri aliyetoka Dubai. Baada ya hapo amri zilifuatana upesi upesi. Makanisa na misikiti ilikuwa imekwisha fungwa. Teksi na bodaboda zikakatazwa kuchukua abiria. Na tangu tarehe 30 Machi hata motokaa za watu binafsi zikakatazwa barabarani, na kafyu ikaanza saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wauzaji wa vyakula sokoni Nakasero na katika masoko mengine waliambiwa walale pale pale sokoni, wasije wakayapeleka maradhi nyumbani. Wakatandika mikeka yao kati ya mafungu ya matoke na viazi, wengine wakitungika vyandarua juu ya bidhaa zao.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Kifo cha kwanza cha Korona katika Uganda kiliandikishwa mwezi wa Julai, 2020. Yaani kwa muda wa miezi minne tulikihofu kifo ambacho kilikuwa hakijafika bado. Waliotangulia kufika ni njaa, upweke na wasiwasi. Kisha mwezi wa Juni, 2021, wimbi la pili likaja kwa nguvu, hospitali zikajaa, hewa ya oksijeni ikawa haba, na Serikali ikaifunga nchi tena kwa siku 42. Shule nazo, ijapokuwa madarasa mengine yaliitwa kwa muda katikati, hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kama huo.

HOFU NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kuwa hofu ni udhaifu wa watoto na waoga. Sivyo. Hofu ni mlinzi aliyewekwa ndani ya mwili wa kila mtu. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari hupeleka habari, na tezi hizo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Papo hapo moyo hupiga mbio, pumzi huja kwa haraka, damu hukimbilia mikononi na miguuni, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Mwili wote umejiweka tayari kupigana au kukimbia. Ukikutana na nyoka njiani, mlinzi huyo ni rafiki mwema. Nyoka akiisha kwenda zake, moyo hutulia, nawe waendelea na safari yako.

Lakini Korona haikuwa nyoka. Haikuonekana kwa macho, haikuwa na saa ya kuja wala ya kuondoka, na hapakuwa na mtu wa kupigana naye wala pahali pa kukimbilia. Kwa hiyo mlinzi yule alikesha mwezi baada ya mwezi, kama askari ambaye hapokelewi zamu. Na askari asiyelala, mwisho wake huanza kuona adui hata pasipo na adui. Ndiyo maana watu wengi wakati ule walipotewa na usingizi, wakaumwa na vichwa na matumbo bila ya ugonjwa, wakasahau mambo madogo, na wakakasirikia watoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Wengine walikohoa mara moja kwa ajili ya moshi wa mkaa, nao wakakaa usiku kucha wakijipima pumzi. Hawakuwa wamerukwa na akili. Miili yao ilikuwa imechoka kwa kungoja.

MIZIGO MINNE

Basi, kwa nini maradhi ya dunia nzima huulemea moyo zaidi? Nikifikiri yale niliyoyaona, naona kulikuwa na mizigo minne.

Mzigo wa kwanza ulikuwa kutojua mwisho. Mtu aweza kubeba gunia zito mpaka Wandegeya ikiwa ajua kwamba atalitua Wandegeya. Lakini mwambie abebe tu, asiambiwe wapi, atachoka kabla ya kupita nyumba kumi. Mwanzoni tuliambiwa tukae ndani siku 14. Zilipokwisha zikaongezwa siku 21, kisha siku 14 tena. Kila mara Rais alipokuwa karibu kuhutubu, mtaa wetu wote ulinyamaza, na kila mara alipokwisha kuhutubu watu walikaa kimya vile vile, wakihesabu vidole.

Mzigo wa pili ulikuwa riziki. Mjomba wangu alikuwa dereva wa teksi, yaani matatu, kati ya Kawempe na kituo kikuu cha zamani katikati ya mji. Kwa mtu wa kazi kama hiyo, chakula cha leo hutoka katika nauli ya leo. Serikali iligawa chakula katika Kampala na Wakiso kuanzia mwezi wa Aprili, kilo sita za unga wa mahindi na kilo tatu za maharage kwa kila mtu, nasi tulishukuru. Lakini kilo sita zina mwisho wake. Mjomba aliamka kila siku alfajiri kama zamani, akaiosha teksi ambayo haiendi popote, akaifuta vioo, kisha akaketi katika kiti chake cha usukani mpaka jua likapanda. Mimi nilidhani ni mchezo. Sasa naelewa kwamba mtu akinyang'anywa kazi hanyang'anywi fedha peke yake, bali hata jibu la swali hili: Mimi ni nani?

Mzigo wa tatu ulikuwa kufungiana pamoja, au kufungiwa peke yako. Yote mawili ni mazito. Watu wengi wa Kampala hupanga chumba kimoja, kile tunachokiita muzigo. Chumba hicho kimejengwa kwa ajili ya kulala, kwa kuwa mchana kila mtu yuko kazini, sokoni au shuleni. Sasa watu sita wakashinda humo kutwa. Ugomvi ukazidi, na watu wengine, hasa wanawake na watoto, walipigwa na wale ambao wangewalinda. Wasichana wengi wa shule walipata mimba katika siku zile, na wengine hawakurudi darasani. Sitaki kulipita jambo hilo haraka, maana twajua viti gani vilibaki vitupu.

Wazee wa Buganda wanayo hadithi ya zamani sana juu ya jambo hili. Kintu na mkewe Nambi walipofuatwa duniani na Walumbe, ambaye ndiye Kifo, ndugu yake Nambi aitwaye Kayikuzi alitumwa kumkamata. Kayikuzi aliwaamuru watu wote wakae ndani ya nyumba zao siku mbili, na chakula chao na mifugo yao, wala mtu asipige kelele hata akimwona Walumbe. Lakini watoto wengine walitoka kwenda kulisha mbuzi huko Tanda, wakamwona Walumbe, wakapiga ukelele. Naye akazama tena ardhini, na Kayikuzi akachoka kumfukuza. Hadithi hiyo husimuliwa ili kuwalaumu watoto. Mimi nawahurumia. Walikuwa na mbuzi wenye njaa, na mimi nimemwona mjomba wangu na teksi yake. Amri ya kukaa ndani yaweza kuwa ya haki kabisa, lakini ni lazima anayeitoa afikiri pia juu ya mbuzi.

Mzigo wa nne, nao kwangu mimi ndio mzito kuliko yote, ulikuwa msiba bila ya kilio. Bibi yangu, mzaa mama, alikufa karibu na Masaka mwezi wa Julai, 2021, wakati ilipokuwa marufuku kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Mama aliyasikia maziko kwa simu, mtu mmoja akiwa ameishika simu karibu na kaburi. Walioruhusiwa kuhudhuria walikuwa wachache. Mama hakulia. Alifagia nyumba iliyokwisha fagiwa, akapika chakula, akasahau kula. Miezi ikapita hivyo hivyo. Katika mwaka 2022 ndipo jamaa walipoweza kukutanika kijijini kufanya ile desturi ya Waganda ya kumaliza msiba, okwabya olumbe; mrithi akavikwa nguo ya gome na kusimikwa mbele ya ukoo. Usiku ule mama alilia mpaka akapatwa na kwikwi, na asubuhi yake alilala hata saa nne, jambo ambalo sikupata kuliona tangu nizaliwe. Kumbe matanga, nyimbo, kukesha motoni na kugawana chakula si mapambo ya msiba. Ni kazi ambayo moyo huifanya ili uamini kwamba aliyekwenda amekwenda. Kazi hiyo ikizuiwa haifutiki, hungoja.

HOFU HUAMBUKIZA

Yafaa tujue pia kwamba hofu, kama maradhi yenyewe, hutoka kwa mtu huyu ikamwingia yule. Mfano mashuhuri ulitokea si mbali na Uganda. Tarehe 30 Januari, 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko hicho, kikichanganyika na kulia na kuhangaika, kilienea mpaka wasichana 95 kati ya 159 wakapatwa. Wengine kilidumu saa chache, wengine siku nyingi. Ilibidi shule ifungwe tarehe 18 Machi, na baadaye jambo hilo likaonekana katika vijiji na shule nyingine za jirani. Waganga walipima damu na chakula, wasione sumu wala kijidudu chochote. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Waliochunguza jambo lile walisema kuwa ilikuwa dhiki ya moyo iliyokosa mdomo, ikatafuta mlango wa kutokea. Wasichana wale hawakuwa wakijifanya. Walikuwa wakiteseka kweli, na kila mmoja aliuona mwili wa mwenzake ukimwambia kwamba kuna jambo la kuogopa.

Katika siku za Korona njia ya kuambukizana hofu ilikuwa ni simu. Mtu mmoja alipokea habari kwamba dawa fulani huua kijidudu kwa siku moja, mwingine kwamba chanjo huua watu, na kabla ya adhuhuri habari hizo zilikuwa zimefika Katwe, Ntinda na Entebbe. Mwenye hofu hataki habari ya kweli. Ataka habari yoyote, maana kukaa bila ya habari kwaumiza zaidi. Kwa hiyo anayepeleka uvumi mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu mwenye hofu anayetafuta mwenzake wa kuogopa naye.

WATU WALIJITEGEMEZAJE?

Pamoja na hayo yote, watu wengi walivuka. Nimejaribu kukumbuka walifanya nini, na nimewauliza wakubwa wangu pia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, waliipa siku umbo. Nyumba zilizokuwa na saa ya kuamka, saa ya kusoma, saa ya kazi na saa ya kula zilistahimili kuliko nyumba ambazo watu waliamka wakati wowote. Mjomba na teksi yake, niliyemdhania kuwa anacheza, alikuwa akifanya hivyo hasa: alilinda asubuhi yake.

Pili, walitumia mikono na miili yao. Katika ua wetu magunia na matairi makuukuu yalijazwa udongo, yakapandwa dodo, sukuma na vitunguu. Mboga ile ilitulisha, lakini tena ilitupa kitu cha kutazama ambacho kesho kitakuwa kikubwa kuliko leo. Katika mwezi wa Aprili, 2020, Rais mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka 75, alionyeshwa katika filamu akikimbia peku ndani ya chumba na kujiinua kwa mikono sakafuni mara 30, ili watu waone kwamba mazoezi yaweza kufanywa ndani. Watu walicheka, kisha wakajaribu. Mwili ukitoka jasho, usingizi huja.

Tatu, walicheka na kuimba. Bobi Wine na Nubian Li walitoa wimbo juu ya Korona mwezi wa Machi, 2020, na wimbo huo ukapigwa mpaka nchi za mbali. Huko Italia nako watu waliimba wakiwa katika roshani zao, nyumba hii ikiiitikia ile. Wimbo haumponyi mgonjwa, lakini humjulisha anayeusikia kwamba hayuko peke yake gizani.

Nne, walisali. Pasaka ya mwaka ule Wakristo waliifanya mbele ya redio na televisheni, na mwezi wa Ramadhani Waislamu walisali tarawehe majumbani. Wengi walisema kuwa walipungukiwa, maana sala ya pamoja ni pamoja pia na bega la jirani. Lakini desturi ya kusali saa ile ile ilibaki kama nguzo ya nyumba.

Tano, walipima habari. Baba alitangaza sheria nyumbani: taarifa ya habari mara moja kwa siku, jioni, na baada ya hapo redio ya nyimbo. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa shauri kama hilo, kwamba mtu asikilize habari kidogo, kwa wakati maalum, na kutoka kwa wanaojua.

Sita, walisaidiana. Mama mmoja jirani yetu, mwenye kuuza chapati, alijiwekea zamu ya kubisha hodi kila asubuhi katika milango saba ya watu wanaokaa peke yao. Alisimama mbali, akaita jina, akangoja kuitikiwa, akaenda zake. Niliwahi kumwuliza kama hachoki. Akanijibu kwamba siku asiyozunguka ndiyo siku anayoogopa. Naona katika jibu hilo ipo elimu kubwa: mwenye kumtazama mwenzake hupata nafasi ndogo ya kujitazama hofu yake.

Lakini zilikuwako njia nyingine zilizotuliza leo na kudhuru kesho. Waragi ilinywewa ndani kwa ndani, ijapokuwa baa zilifungwa. Wengine walimtafuta mtu wa kumlaumu: mgeni, dereva wa lori aliyetoka mpakani, jirani aliyepona hospitali. Wengine walificha ugonjwa wao ili wasitengwe, nao wahenga walikwisha sema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Na wengine walinyamaza tu, hasa wanaume, ambao tumewafundisha kwamba kusema ni udhaifu.

DAWA YA MANENO

Juu ya kunyamaza nataka kusema zaidi, kwa sababu Uganda ilikuwa na elimu juu ya jambo hili kabla ya Korona. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea, aliyeugua aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa ugonjwa. Mwaka 1987, hapa Kampala, Bi Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, aliunda pamoja na wenzake chama cha TASO. Wengi wa wenzake hao walikuwa wagonjwa wenyewe. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kuzuia ugonjwa. Walichokuwa nacho ni kuketi pamoja, kusikilizana, kufundishana namna ya kuishi, na kutembeleana. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alisema waziwazi kwamba anao UKIMWI, wa kwanza kati ya watu mashuhuri wa Uganda kufanya hivyo, akazunguka katika shule na makanisa akiwaonya watu mpaka alipokufa mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Kusema kwake hakukumponya yeye, lakini kuliwafungua midomo maelfu.

Faida ya maneno imepimwa hata kwa hesabu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, wataalamu walitafuta watu waliopatwa na hali ile ambayo Waganda huiita okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia kupita kiasi. Hali ambazo zafanana na ugonjwa wa huzuni kubwa, au sonona. Katika nusu ya vijiji, watu hao walikutana kikundi kwa kikundi mara moja kwa juma kwa muda wa majuma 16, wakiongozwa na mtu wa huko huko aliyefundishwa kazi hiyo. Hawakupewa vidonge. Walizungumza juu ya msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wakashauriana. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona; mwishoni walibaki 6 au 7 tu katika kila 100. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, walibaki zaidi ya nusu. Haya si uganga wala muujiza. Ni baraza la wazee wetu, lililopangwa vizuri na kupewa siku yake.

Na wenye kuwauguza wagonjwa nao wanahitaji maneno. Ebola ilipotokea Gulu mwaka 2000, wauguzi wa hospitali ya Lacor waliona wenzao wakifa mmoja baada ya mmoja, na wengi walitaka kuiacha kazi. Daktari Matthew Lukwiya hakuwatukana wala hakuwaita waoga. Alikutana nao, akawasikiliza, akawaambia kwamba yeye mwenyewe atabaki. Na kazi ikaendelea. Alikufa kwa Ebola tarehe 5 Desemba, 2000. Watu hustahimili hofu wakimwona mkubwa wao amesimama penye hatari ile ile waliyosimama wao.

LINI TUTAFUTE MSAADA?

Hofu na huzuni wakati wa taabu ni jambo la kawaida, na kwa watu wengi hupungua taabu inapopungua. Lakini si kwa wote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa Korona maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Basi, ukiona kwamba kwa majuma mawili au zaidi wewe au mwenzako halali, hali, hafurahii hata yale aliyoyapenda, amejitenga na watu, au anasema kwamba afadhali asingekuwako, usingoje. Mwambie mzazi, mwalimu au muuguzi siku hiyo hiyo, wala usimwache peke yake.

Hapa Kampala iko hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 karibu na ziwa, kwa ajili ya maradhi ya akili. Najua kwamba jina hilo tumelifanya tusi. Mwanafunzi akikosea jambo, wenzake humwambia, "Wapelekwa Butabika!" Kila tunaposema hivyo, mmoja kati yetu ambaye hakulala jana usiku hujifunza kunyamaza. Anayeumwa na jino huenda kwa daktari wa meno bila aibu. Na moyo nao, ambao ni wa maana kuliko jino, una madaktari wake.

Wahenga husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mzigo uliomo kichwani mwa mtu mwingine huonekana mwepesi kwetu, hata ukiwa wa mawe. Hakuna njia ya kuujua uzito wake ila kumwuliza aliyeubeba na kungoja ajibu. Katika kila darasa la shule yetu wamo waliozika watu wao kwa simu, na waliolala na njaa, na waliopigwa. Si lazima tungoje maradhi mengine ndipo tuwaulize. Twaweza kuanza leo baada ya chakula cha jioni, kabla ya kengele ya kulala.